JOHN WESLEY POWELL (1834-1902), MTU WA MKONO MMOJA ALIYEJIFUNZA KAZI YA MTO



Katika somo la jeografia tunafundishwa kwamba mto unachimba inchi, unabeba udongo, kisha unauweka fasi ingine. Tunaandika maneno hayo katika kaye, tunayajibu siku ya mtihani, tunapata pointi zetu, basi imekwisha. Lakini wengi wetu hatujui kwamba kuna watu waliotia maisha yao katika hatari kusudi jambo hilo lieleweke vizuri. Mara hii tumeona vema kuwaeleza maisha ya mmoja wao, John Wesley Powell. Alikuwa mtoto wa mhubiri, akawa mwalimu wa shule, akawa askari, akapoteza mkono, na kwa mkono mmoja uliobaki akateremka mto mkali ambao watu waliuogopa.

1. UTOTO NA MASOMO

Powell alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1834 katika mji mdogo wa Mount Morris, jimbo la New York, huko Marekani. Baba yake, Joseph Powell, alitoka Uingereza. Alikuwa mhubiri wa Metodisti, mwenye kusafiri fasi kwa fasi na Neno la Mungu. Ndiyo sababu alimpa mtoto jina la John Wesley, yule aliyeanzisha Wametodisti. Kanisa hilo tunalijua hata sisi hapa Kongo, zaidi sana ndugu zetu wa Katanga.

Jamaa hiyo ilihamia Jackson, katika jimbo la Ohio. Wakati ule watu weusi walikuwa wangali watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mzee Joseph aliuchukia utumwa, na alisema wazi wazi mbele ya watu wote. Wengi katika mji ule hawakupenda maneno yake, na hasira yao ikamwangukia mtoto. Shuleni watoto wenzake walimtupia mawe. Wazazi waliona hatari, wakamtoa shuleni.

Lakini Mungu hakumwacha. Jirani mmoja, mkulima mwenye umri mkubwa aliyeitwa George Crookham, alimpokea na kumfundisha nyumbani kwake. Mzee huyo naye alichukia utumwa, na alipenda sana elimu. Alikusanya mimea, mawe na vitu vingi vya asili. Alimtembeza kijana porini na kando ya vijito, akimwonyesha kila kitu kwa macho. Hapo ndipo John alianza kupenda mawe na mito.

Baba yake alitamani awe mhubiri kama yeye. Kijana alitaka sayansi. Jambo hili lilileta ugumu kati yao kwa miaka mingi. Hatutaki kuwaficha ukweli: Powell hakuwa mhubiri hata siku moja, na katika ukubwa wake hakuyashika mambo ya kanisa sawa vile baba yake alivyoyashika. Lakini tabia mbili za baba zilibaki ndani yake: kutoogopa safari, na kusema ukweli hata kama watu wanakasirika. Mtaona mbele namna tabia hiyo ya pili ilivyomletea mateso.

Masomo yake hayakuwa rahisi. Akiwa na miaka 12 hivi alipashwa kuongoza shamba la wazazi huko Wisconsin, juu ya baba alikuwa safarini kuhubiri. Baadaye alifundisha katika shule ndogo za mashambani kusudi apate feza ya masomo. Aliingia katika koleji tatu, lakini hakumaliza hata moja, hakupata diploma. Wakati wa mapumziko alichukua mtumbwi na kwenda mtoni. Mwaka 1856 aliteremka mto Mississippi mpaka baharini. Mwaka uliofuata aliteremka Ohio, na mwaka 1858 mto Illinois. Njiani alikuwa akiokota makombe na kutazama namna kingo za mto zilivyo. Mto ulikuwa koleji yake ya ine.

2. NAMNA ALIVYOPOTEZA MKONO

Mwaka 1861 vita ilizuka kati ya kaskazini na kusini mwa Marekani. Powell alijiandikisha upande wa kaskazini, upande uliopigana na majimbo ya watumwa. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule alipata ruhusa fupi, akaenda kumwoa binamu yake Emma Dean, kisha akarudi kazini pamoja na bibi yake.

Tarehe 6 mwezi wa ine mwaka 1862, katika pigano la Shiloh, alikuwa akiongoza mizinga. Aliinua mkono wa kuume kuwapa askari ishara ya kupiga. Lisasi ikamwingia mkononi na kuvunja mfupa. Siku chache nyuma waganga waliukata mkono chini ya kiwiko. Alikuwa na miaka 28.

Mtu mwingine angerudi nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alipona, akarudi vitani, akapanda cheo mpaka kuwa meja. Wakati wa kuzunguka mji wa Vicksburg, askari walipochimba mahandaki, Powell alikuwa akitafuta mabaki ya wanyama wa kale ndani ya udongo uliochimbwa! Kidonda cha mkono kiliendelea kumwumiza maisha yake yote.

Baada ya vita akawa profesa wa jeolojia katika universite ya Wametodisti huko Illinois. Hakupenda kufundisha mawe ndani ya nyumba tu. Mwaka 1867 na 1868 alipeleka wanafunzi na marafiki mpaka milima ya magharibi, na Emma alikwenda pamoja nao. Huko alisikia habari za mto Colorado, unaopita katika mabonde marefu kama mahandaki makubwa. Katika ramani za wakati ule, sehemu kubwa ya mto ule ilikuwa karatasi nyeupe tu. Watu wengine walisema kwamba maji yanaingia chini ya udongo na kupotea, wengine walisema kuna maporomoko makubwa ambayo mashua haiwezi kuyavuka.

3. SAFARI YA MWAKA 1869

Tarehe 24 mwezi wa tano mwaka 1869, Powell na wanaume tisa waliingia katika mashua ine pale Green River, katika Wyoming, wakaanza kuteremka. Mashua zilitengenezwa Chicago, zikaletwa kwa gari la moshi, juu ya njia ya reli ya kuvuka Marekani ilikuwa imekwisha kuunganishwa mwezi ule ule. Walibeba chakula cha miezi kumi. Walibeba tena barometa za kupima urefu wa inchi juu ya bahari.

Wiki mbili tu zikapita, na katika bonde walilolipa jina la Lodore, mashua moja ilipasuka juu ya mawe. Watu watatu waliokuwa ndani waliokoka, lakini chakula kingi na nguo vilipotea. Powell alihuzunika zaidi sana kwa ajili ya barometa. Kesho yake watu wawili walijitia katika hatari, wakafika kwenye kipande cha mashua kilichokwama, wakazikuta nzima. Walipiga kelele za furaha. Kumbe walikuta pia kipipa cha pombe walichokificha bila kiongozi wao kujua!

Siku ingine Powell alipanda mwamba mrefu pamoja na mwenzake George Bradley kusudi apime urefu. Alifika fasi ambayo hawezi kupanda wala kushuka, anashika jiwe kwa mkono wake mmoja, miguu inatetemeka, na chini yake ni shimo. Kamba hawakuwa nayo. Bradley aliyekuwa juu yake akawaza upesi: alivua suruali yake ndefu ya ndani, akaiteremsha. Powell akaachilia jiwe, akaikamata, akavutwa juu. Tunacheka tukisoma, lakini wao siku ile hawakucheka.

Mwezi wa saba mtu mmoja aliona yametosha, akaacha safari. Wale tisa wakaendelea. Mabonde yakazidi kuwa marefu, chakula kikapungua. Mikate ikaoza, nyama ikaharibika. Mwishoni walibaki na unga, matofaa makavu na kahawa. Maji ya kunywa yalikuwa mekundu kwa matope. Jina lenyewe Colorado, katika lugha ya Kispania, maana yake ni rangi nyekundu-nyekundu. Huko nje magazeti yalikwisha kuandika kwamba wote wamekufa.

Mwezi wa nane waliingia katika bonde kubwa kuliko yote, lile linaloitwa Grand Canyon. Lina urefu wa kilometa 446, na kwenda chini linapita meta 1600. Tarehe 27 walifika penye maporomoko ya kutisha sana. Ndugu wawili, Oramel na Seneca Howland, pamoja na William Dunn, walisema hawawezi kuendelea, ni heri kupanda milima na kwenda kwa miguu. Powell hakulala usiku ule, alitembea kando ya maji akijiuliza kama aache ao aendelee. Asubuhi waliagana kwa machozi. Kila upande ulifikiri kwamba upande mwingine unakwenda kufa.

Wale sita walipita. Siku mbili tu baadaye, tarehe 30, walitokea penye mto Virgin, wakakuta watu wakivua samaki. Safari ya zaidi ya kilometa 1500 ilikwisha. Wale watatu waliuawa njiani, na hata leo watu wanabishana juu ya waliowaua. Mwaka 1870 Powell alikwenda kukaa chini pamoja na wenyeji wa kabila la Wapaiute. Walimweleza kwamba ni watu wao waliowaua kwa kuwadhania wabaya wengine. Powell hakutafuta kisasi. Tangu siku zile akazidi kujifunza lugha na desturi za wenyeji, na mwaka 1879 akawa mkubwa wa ofisi ya serikali iliyojifunza mambo hayo, mpaka kufa kwake.

4. MTO UNACHIMBA NAMNA GANI?

Powell alirudi mtoni mwaka 1871 na 1872, safari hii akiketi juu ya kiti kilichofungwa katika mashua kusudi aone mbele. Mwaka 1875 alitoa kitabu juu ya Colorado. Sasa tufike kwenye elimu yenyewe.

Maji peke yake ni malaini. Ukimwaga maji safi juu ya jiwe, jiwe linabaki vile vile. Lakini mto haubebi maji tu, unabeba mchanga, kokoto na hata mawe makubwa siku ya mafuriko. Vitu hivyo ndivyo vinavyosugua mwamba, sawa vile seremala anavyosugua ubao kwa msasa. Tena mto ukiteremka kwa mwinuko mkali unakwenda mbio, na mto wa mbio unaweza kusukuma mawe makubwa zaidi. Colorado unashuka sana. Pale Powell alipoanzia inchi iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1800. Pale alipomalizia haifiki meta 300. Ndiyo kazi ya zile barometa: pasipo hizo asingejua mto unashuka kiasi gani.

Mto unachimba chini, lakini bonde linapanuliwa na wengine. Mvua, baridi inayopasua mawe na vijito vya kandoni vinabomoa kuta na kutupa mawe ndani ya mto. Pale ambapo kijito kimesukuma mawe makubwa ndipo tunakuta maporomoko mengi ya Grand Canyon. Mwamba mgumu unafanya ukuta uliosimama, mwamba laini unafanya mteremko wa polepole. Kwa hiyo kuta zile zinafanana na ngazi. Mawe ya chini kabisa yana umri wa miaka zaidi ya bilioni 1,7, lakini kazi kubwa ya kuchimba bonde lenyewe imefanyika katika miaka milioni tano ao sita iliyopita.

Kulikuwa na neno moja lililomsumbua Powell. Mto Green, unaoingia katika Colorado, unakata katikati ya milima ya Uinta. Kwa nini mto usizunguke milima? Alijibu hivi: mto ulikuwako mbele ya milima. Inchi ilipopanda polepole, mto haukuhama, uliendelea kukata. Alifananisha mambo haya na msumeno unaokaa pale pale wakati gogo linasukumwa juu yake.

Wataalamu waliokuja nyuma walichunguza tena Uinta, wakaona kwamba mto Green ulipita pale kwa njia ingine, kwa kuwa milima ile ni ya zamani kuliko njia ya mto. Basi, Powell alikosea? Kwa mto ule, ndiyo. Lakini wazo lake lilisimama: katika milima ya Himalaya iko mito, kama Indus, iliyokuwako mbele ya milima kupanda na ikaikata. Sisi wanafunzi tuangalie vizuri: mtu anaweza kutoa wazo zuri penye mfano usiofaa.

Wazo lake lingine tunalitumia mpaka leo katika vitabu. Alisema kwamba kila mto una mpaka wake wa chini, hauwezi kuchimba kupita pale. Mpaka wa mwisho ni bahari. Lakini ziwa nalo ni mpaka wa muda, na hata mwamba mgumu unaozuia njia. Kadiri mto unavyokaribia mpaka wake, mwendo wake unapungua, na kuchimba kunapungua vile vile.

5. UDONGO ULE UNAKWENDA WAPI?

Kinachochimbwa fasi moja lazima kionekane fasi ingine. Mto ukipunguza mwendo, unachoka kubeba. Kwanza unaacha mawe, kisha kokoto, kisha mchanga, na mwishoni matope laini. Mbele ya mabwawa kujengwa, Colorado ulikuwa ukipeleka zaidi ya tani milioni 100 za udongo kila mwaka kwenye ghuba ya California. Kwa muda mrefu ulijenga delta, inchi mpya yenye rutuba iliyotokana na kuta za mabonde ya juu.

Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji, likafanya ziwa kubwa lililopewa jina la Powell. Ziwa hilo likawa mpaka mpya, na udongo ukaanza kulala ndani yake. Chini ya bwawa maji yanatoka baridi na safi, hayana mchanga. Kwa hiyo fukwe za mchanga ndani ya Grand Canyon zilianza kuliwa bila kupata mchanga wa kuzijaza. Mwaka 1996 wakubwa wa kazi waliamua kufungulia maji mengi kwa siku chache, wakafanya mafuriko makusudi, kusudi mchanga uinuliwe na kuwekwa tena kandoni. Kazi hiyo imerudiwa mara kadhaa.

6. UKWELI USIOPENDWA

Tangu mwaka 1881 mpaka 1894 Powell aliongoza ofisi ya jeolojia ya serikali ya Marekani. Cheo kilikuwa kikubwa, na angeweza kukaa kimya na kula mshahara wake. Lakini tangu mwaka 1878 alikuwa amekwisha kuandika kwamba magharibi ya Marekani ni inchi kavu, mvua haitoshi kwa kulima pasipo kuleta maji mashambani, na kwamba mipaka ya wilaya ingefuata mabonde ya mito, si mistari iliyopigwa kwa rula. Wauza mashamba na wanasiasa walikasirika. Wao walikuwa wakiwaambia watu masikini kwamba mkulima akilima tu, mvua itamfuata. Wapi! Watu waliuza mali yao, wakaenda, na ukame ukawarudisha mikono mitupu.

Mwaka 1890 Baraza la taifa likanyima feza kwa kazi yake ya kupima maji. Mwaka 1893, katika mkutano mkubwa wa Los Angeles, alisimama akaueleza umati kwamba maji ya inchi ile hayatoshi kwa mashamba yote wanayoyataka, na kwamba wanawaachia watoto wao ugomvi. Walimzomea. Yule aliyetupiwa mawe utotoni alizomewa uzeeni. Mwaka uliofuata aliacha kazi ile. Alikufa tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka 1902, katika jimbo la Maine, akazikwa katika makaburi ya askari ya Arlington.

Mwaka 1922 majimbo yaliyagawanya maji ya Colorado kwa kuhesabu maji mengi kuliko yale mto unayo. Mwaka 2022 na 2023 ziwa lenye jina lake lilishuka mpaka karibu robo tu ikabaki, na majimbo yakawa yanagombania maji.

7. NA SISI HAPA?

Ndugu wanafunzi, si lazima kwenda Marekani kuona mambo haya. Tazameni Ruzizi. Unatoka katika ziwa Kivu, penye meta 1460 hivi juu ya bahari, unateremka mpaka Tanganyika, penye meta 770 hivi. Sehemu ya juu unapita katika mabonde membamba na kupiga kelele: pale unachimba. Ukifika Kamanyola inchi inafunguka, mto unapunguza mwendo, unazungukazunguka katika uwanda, na mwisho unaweka mchanga na matope penye ziwa. Tanganyika ndilo mpaka wake, sawa vile Powell alivyoeleza.

Tukumbuke tena Uvira, mwezi wa ine mwaka 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika ukaangusha nyumba na kuua watu. Mawe na matope yale yalitoka milimani. Mji wenyewe umekaa katika fasi ambayo mito ya mlimani huweka mizigo yake. Mlima ukikatwa miti, udongo unabaki uchi, na mto unapata mzigo mwingi zaidi.

Tunaomba basi: klasi itakapopelekwa matembezi ya jeografia, tusiende kwa kucheza tu. Tuchukue kaye na kalamu, tuokote jiwe la juu na jiwe la chini ya mto, tuyalinganishe: la juu lina pembe, la chini ni la mviringo. Tuwaulize wazee mto ulipita wapi walipokuwa watoto. Na yule atakayeona kwamba nyumba inajengwa fasi mbaya, aseme kwa heshima, hata kama hawatamshangilia.